Kafara ya Mwandishi wa Habari: Kisa cha Seepersad Naipaul, Trinidad 1933

Jumamosi ya tarehe 24 Juni 1933, gazeti la New York Herald Tribune lilichapa habari fupi iliyopigwa kwa simu ya maandishi (telegramu) kutoka Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad. Mwandishi mmoja wa huko, Seepersad Naipaul, alikuwa amechinja mbuzi ili kutuliza hasira za Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Kosa lake lilikuwa kuandika gazetini kwamba wafugaji wa Kihindu wanakaidi amri za serikali za kupambana na maradhi ya ng'ombe, na badala yake wanamtolea Kali kafara. Akaonywa kuwa kesho yake ataingiwa na sumu, Jumapili atakufa, Jumatatu atazikwa. Ndugu na marafiki wakamsihi, naye akasalimu amri, mbuzi akachinjwa.

Kwa msomaji wa New York hicho kilikuwa kichekesho cha kusindikizia kahawa. Kwa wasomi wa fasihi ya Karibiani na ya Wahindi walioenea duniani, ni moja ya habari zenye uzito mkubwa kuliko urefu wake. Seepersad alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi kumi tu wakati huo. Mtoto huyo alikuja kuwa V. S. Naipaul, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2001, na mwaka 1961 alichapisha riwaya kubwa, A House for Mr Biswas, iliyojengwa juu ya maisha ya baba yake. Riwaya ina karibu kila kitu: ukwe wenye kelele, nyumba za kuhamahama, kazi ya gazetini, kichaa, hamu ya kuwa na paa la mtu mwenyewe. Mbuzi hamo.

Ninachotaka kuchambua ni pengo hilo. Watu husema kwa wepesi kwamba kazi ya kufukua magazeti ya enzi za ukoloni ni kutafuta "ukweli ulio nyuma ya riwaya", kana kwamba mtafiti ni karani wa kuhakiki risiti. Katika kisa hiki gazeti linafanya jambo kubwa zaidi. Linapindua mpangilio wa maisha ambao riwaya ilitufanya tuuamini.

Tuanze na mahali penyewe. Kati ya 1845 na 1917 Waingereza walipeleka Trinidad Wahindi wapatao 144,000 kwa mkataba wa miaka mitano, wakafanye kazi kwenye mashamba ya miwa baada ya utumwa kukomeshwa. Ni utaratibu wa aina ileile uliowaleta Wahindi zaidi ya 30,000 Mombasa kutandika reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19, ila wa Trinidad wengi hawakurudi. Wakapata vipande vya ardhi, wakapanda mpunga na miwa, wakafuga ng'ombe. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa kama theluthi ya watu wote wa kisiwa, lakini mjini waliishi kama hawapo. Wengi walikaa katikati ya kisiwa, kwenye mji wa miwa wa Chaguanas na vitongoji vyake, wakizungumza Kihindi cha Bhojpuri nyumbani, huku magazeti ya Port of Spain yakiwaandika walipoua mtu au walipouawa.

Seepersad alizaliwa mwaka 1906 katika familia ya Kibrahmini, yaani ya tabaka la makuhani wa Kihindu, iliyofukarika. Alijifundisha kuandika maandishi ya mabango ya maduka, na kwa kazi hiyohiyo ya rangi na brashi akakutana na ukoo wa Capildeo, wenye duka na jumba kubwa jeupe la Lion House pale Chaguanas. Mwaka 1929 akamwoa binti yao, Droapatie. Yeyote aliyewahi kuishi chini ya kivuli cha ukwe wenye mali atajua mwanaume huyu aliamkaje kila asubuhi. Hakuwa na nyumba wala mtaji, na shemeji zake walikuwa wengi kuliko viti.

Mwaka huohuo wa 1929 Gault MacGowan alifika kutoka gazeti la The Times la London, akawa mhariri wa Trinidad Guardian. MacGowan alipenda habari yenye damu na vicheko. Alitaka gazeti la kisiwa liandike kisiwa, na akaona kwamba kijana huyu wa Chaguanas anaweza kumletea kitu ambacho hakuna mwandishi wa mjini angeweza: vijiji vya Wahindi kutoka ndani. Seepersad akawa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kupata nafasi ya maana kwenye gazeti hilo. Akaandika ugomvi wa koo, harusi, wachawi, mapandita (makuhani wa Kihindu), mashauri ya mahakamani na siasa za mtaa. Sehemu ya hayo yalihusu watu aliokula nao meza moja.

Sasa ugonjwa wenyewe, maana bila huo kisa hakieleweki, na simu ya New York haikuugusa ila kwa jina la jumla.

Tangu 1925 ng'ombe wa Trinidad walikuwa wakipooza miguu ya nyuma, wanaanguka, wanakufa. Wataalamu walidhani ni sumu ya chakula. Mwaka 1929 watu nao wakaanza kufa kwa kupooza, na utambuzi wa kwanza ukawa polio. Aliyefumbua fumbo hilo ni daktari mzaliwa wa Trinidad, Joseph Lennox Pawan, aliyechunguza ubongo wa waliokufa akakuta dalili za kichaa cha mbwa. Yeye na Mwingereza E. Weston Hurst walichapisha matokeo mwaka 1931. Hakukuwa na mbwa katika mkasa huo. Mchukuzi alikuwa popo mnyonya damu, anayekuja usiku, anakata ngozi ya ng'ombe au ya mtu aliyelala, analamba na kuondoka bila aliyeumwa kuamka.

Weka tarehe hizo mbele ya macho, halafu urudi Juni 1933. Mfugaji wa Chaguanas ana ng'ombe wawili au watatu, ndiyo benki yake. Kwa miaka sita serikali imemwambia ni sumu kwenye malisho. Kwa watu ikasema ni polio. Sasa, miaka miwili tu baadaye, serikali ileile inasema ni kichaa cha mbwa kisicho na mbwa, kinachotoka kwa popo, na dawa yake ni sindano. Huyu mtu akichinja mbuzi kwa ajili ya Kali, ambaye bibi yake alimwomba mvua na afya tangu India, sioni ajabu. Sisemi kafara ingeponya ng'ombe, kwa sababu isingeponya. Nasema tu kwamba "ushirikina dhidi ya sayansi", ambayo ndiyo sura gazeti liliyoupa mgogoro huu, inaficha kwamba sayansi yenyewe ilikuwa imefika jana jioni, tena baada ya kukosea mara mbili.

Seepersad aliandika upande wa sindano. Hilo lilitokana kwa sehemu na imani yake mwenyewe. Alivutwa na mawazo ya wale waliotaka kusafisha dini ya Kihindu, waliochukia sanamu na kafara za damu. Kwa sehemu lilitokana na mhariri wake, kwa kuwa habari ya mbuzi na mungu wa kike mweusi mwenye ulimi nje ilikuwa mali safi kwa gazeti la MacGowan. Mwanzoni mwa Juni makala zikatoka. Kisha ikaja barua isiyo na jina, kwa Kihindi, yenye ratiba ya kifo. Masharti yake yalikuwa na akili kali ya kijiji: mkejeli atende kilekile alichokikejeli.

Barua isiyo na jina katika mji mdogo haitoki mbali. Anayeiandika anamjua mlengwa, anajua atakayemwogopea, anajua mama mkwe atasema nini. Kwa hiyo ile sentensi ya simu kwamba alikubali kwa "kusihiwa na ndugu na marafiki" naiona kuwa ndiyo kiini cha habari nzima. Kali alikuwa mbali, ukwe ulikuwa chumba cha pili.

Mbuzi akachinjwa, na hapa ndipo mtafiti wa magazeti anapopata faida ambayo hakuna kumbukumbu ya familia ingempa. Mtu huyu alitendewa jambo la aibu, kisha akaliandika yeye mwenyewe kwenye gazeti lake, kwa dhihaka. Siku iliyotajwa ya sumu ilipopita, Trinidad Guardian likatoka na kichwa cha habari kikitangaza kwamba Bwana Naipaul anawasalimu, usiku hakukuwa na sumu. Ndani yake akawaamkia wasomaji wote na kuwaambia kwamba, kama wanavyoona, Kali bado hajampata.

Ukisoma hayo kwa haraka utasema: huyu ni mzaha mtupu, hakuumia. Nadhani ni kinyume. Tazama alivyobanwa. Kwa wanakijiji alikuwa mtu aliyeshindwa na kupiga magoti. Kwa wasomaji wa mjini, ambao wengi hawakuwa Wahindi, alikuwa mwandishi wa kisasa aliyegeuka kuwa mwenyeji mshirikina. Kwa mhariri alikuwa habari inayouza siku ya pili na ya tatu. Alichobaki nacho ni sauti, na sauti aliyoichagua ni ya mtu anayejicheka kabla hajachekwa. Imeandikwa vizuri, ina mwendo, inachekesha hadi leo. Na ni sauti ya mtu anayezama.

MacGowan aliondoka mwaka 1934 baada ya kukosana na wenye gazeti. Bila mlinzi wake, Seepersad akashushwa na hatimaye akaachana na gazeti kwa miaka kadhaa. Akawa muuza duka Chase Village, akawa msimamizi shambani. Katikati ya miaka hiyo akaugua akili. V. S. alipokuja kumuuliza mama yake ugonjwa huo ulikuwa wa namna gani, mama alimjibu kwamba siku moja baba yake alijitazama kwenye kioo asijione, akaanza kupiga kelele. Mwaka 1938 alirudishwa gazetini, familia ikahamia Port of Spain.

Sasa rudi kwenye riwaya. Katika A House for Mr Biswas mpangilio ni huu: Biswas anachora mabango, anaolewa na ukwe (neno "anaoa" halitoshi hapo), anauza dukani, anasimamia vibarua shambani Green Vale, anapata kichaa usiku wa dhoruba, na baada ya hapo ndipo anakwenda mjini, anaingia ofisi ya gazeti la Sentinel na kupata kazi kwa mhariri mcheshi anayependa vichwa vya habari vya ajabu. Gazeti linakuja baada ya giza. Ndilo linalomnyanyua. Kurasa za Sentinel ni miongoni mwa zenye furaha kuliko zote katika kitabu, na msomaji anatoka na picha kwamba uandishi ulimponya mtu huyu.

Gazeti halisi linasema vingine. Miaka yenye furaha, ya mhariri mcheshi na vichwa vya ajabu, ilikuja kwanza. Mbuzi alikuja ndani ya miaka hiyo. Kichaa kilifuata. Uandishi wa habari, ambao katika riwaya ni tiba, katika nyaraka unaonekana kuwa sehemu ya ugonjwa. Seepersad alipewa kalamu kwa sharti la kuwaanika watu wake, na alipoanikwa yeye hakukuwa na wa kumfunika.

Je, V. S. aligeuza mpangilio kwa makusudi? Hapana, na hilo ndilo linalokipa kisa utamu. Hakujua. Alipoandika riwaya hakuwa amesikia habari ya mbuzi. Ilimfikia akiwa mtu mzima, kitabu kikiwa kimeshachapwa zamani, na ilimfikia kwa njia ya watu wa magazeti. Ndani ya familia ilikuwa imefukiwa. Mwaka 1984, katika insha ndefu ya kumbukumbu, aliisimulia na kukiri jinsi ilivyomshtua. Kuna leja kubwa ambamo Seepersad alibandika makala zake za zamani. Mwanawe aliiona utotoni, kisha ikapotea. Kama ukumbusho ungeachiwa familia peke yake, tungekuwa hatuna kitu. Trinidad Guardian lililofungwa majalada likakumbuka kile ambacho mama, shemeji na bibi walikubaliana kukisahau.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba baada ya insha ya mwaka 1984 hakuna tena haja ya kurudi kwenye magazeti. Mtoto aliandika kama mtoto. Alimtafuta baba aliyevunjika, akampata, akamhurumia. Lakini huruma ya mtoto mwenye Nobel ni blanketi zito, na mtu aliyelala chini yake haonekani. Wasomi ambao miaka ya karibuni wamekusanya makala za Seepersad kutoka majalada na mikrofilamu, hadi zikapatikana katika kitabu, wamefanya jambo rahisi kulitaja na gumu kulitenda. Wametuwezesha kumsoma kabla hatujamhurumia.

Kazi hiyo ina mitego yake. Magazeti ya wakati ule yalichapa makala nyingi bila jina la mwandishi, kwa hiyo kusema "hii ni ya Seepersad" kunahitaji kujua mikono: nani anapenda mazungumzo mafupi, nani anajua tofauti ya pandita na msaidizi wake, nani anaandika kesi ya ardhi kama mchezo wa kuigiza. Vichwa vya habari navyo huandikwa mezani kwa mhariri. Ile salamu ya "hakukuwa na sumu" inaweza kuwa na vidole vya MacGowan, hata kama maneno ya chini yake ni ya Seepersad. Na habari moja iliyokatwa ikasomwa peke yake hudanganya. Lazima usome ya jana na ya keshokutwa, tangazo la meli lililo pembeni, na barua za wasomaji. Simu ya New York ndiyo mfano wa habari iliyokatwa: haina popo, haina Pawan, haina MacGowan, wala haisemi kwamba shujaa wake aliishi kwenye himaya ya wakwe.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kujali. V. S. Naipaul alikaa Makerere mwaka 1966, na riwaya yake ya 1979, A Bend in the River, inasimuliwa na Salim, Mwislamu wa asili ya Kihindi kutoka pwani ya mashariki ya Afrika. Wengi wetu tulimsoma kwa meno yaliyokazwa, kwa sababu ya ile dharau yake kwa Afrika ambayo haijifichi. Ukimsoma baba, unaona kicheko cha mtoto kilitoka wapi na kilipoteza nini njiani. Seepersad alicheka wanakijiji akiwa amesimama kati yao, na mtu wa kwanza kuchekwa alikuwa yeye na mbuzi wake. Mwanawe alirithi jicho na sentensi, ila mara nyingi akajitoa mwenyewe kwenye picha.

Mwaka 1943 Seepersad alijichapishia kitabu kidogo cha hadithi, Gurudeva and Other Indian Tales. Ukizisoma baada ya makala za gazeti utaona kwamba aliendelea kuandika vijiji vilevile, ila bila mhariri wa kumsukuma atafute kioja. Gurudeva ni mbabe wa kijiji, mpiga fimbo, mpumbavu, na mwandishi anamwelewa. Mapandita wapo, ibada zipo, nazo zinaelezwa kwa uangalifu wa mtu anayejua kila chombo kinawekwa wapi. Ule upande aliousuta mwaka 1933 anaupa nafasi ya kukaa na kuzungumza. Seepersad alifariki Oktoba 1953, na toleo la London la hadithi hizo lilisubiri hadi 1976, likiwa na dibaji ya mwanawe.

Kuna kundi moja ambalo bado halijafukuliwa na mtu. Ni wale wafugaji. Katika simu ya New York wao ni wakaidi, katika Guardian ni washirikina, katika insha ya V. S. ni kivuli kinachomtisha baba. Aliyeandika barua alikuwa na hoja: kwamba mtu aliyezaliwa katika ibada hii, anayekula kwa ukoo wa Kibrahmini, amewauza kwa wazungu na watu wa mjini kwa bei ya makala. Hoja hiyo ilifika gazetini ikiwa imevaa joho la tishio la mauaji, na hivyo haikujibiwa na mtu. Mtafiti atakayeisaka itabidi aanze na daftari za maafisa wa mifugo wa Trinidad, zionyeshe nani aliukataa ujio wa sindano, katika kijiji gani, na ng'ombe wake wangapi walikuwa wamekwisha kufa.